Misalaba Ubaoni

Kabla ya kusema neno lolote, Profesa alichora misalaba. Aliingia darasani, akaweka kofia yake mezani, akagawa ubao katika vyumba vidogo vya mraba, kisha akatia alama ya msalaba katika baadhi ya vyumba na kuviacha vingine vitupu. Hakuandika namba hata moja. Wanafunzi wa nyuma walinong'onezana kwamba anachora makaburi. Alikuwa na masikio makali, naye akawajibu bila kugeuka: "Hapana makaburi. Mu kaburi muntu hatoke. Humu namba zinaingia na zinatoka kila siku."

Huku Likasi, mji wetu wa migodi, kila mtu anayefundisha shule ya sekondari huitwa Profesa, hata mimi niliyefundisha Kilatini mpaka Kilatini kikakosa wanafunzi. Lakini mtu aliposema "Profesa" bila kuongeza neno, alimkusudia yeye. Tulifundisha katika vyumba viwili vinavyopakana kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilipokuwa nikinyambua vitenzi upande wangu nilisikia chaki yake upande wa pili, mipigo miwili kwa kila msalaba.

Mambo mawili juu yake yalijulikana na mtaa mzima. La kwanza ni misalaba. La pili ni kwamba mke wake alikuwa Mwadingusha, kwao, na kwamba Profesa hajaenda kumchukua. Kwetu mke aliyekwenda kwao na kukawia huko harudi peke yake kama mtu aliyesahau mwavuli. Mume huenda, huketishwa, huulizwa, hujibu, huomba, ndipo wanaporudi pamoja. Yule mama alikwenda kumwuguza mama yake, na miezi ikageuka miaka. Mama mkwe alipofariki Profesa alikwenda msibani, akakaa siku tatu na wanaume, akarudi peke yake. Tangu hapo jambo lililobaki kwetu sote lilikuwa moja: je, atakwenda kumchukua kabla mmoja wao hajatangulia?

Nieleze kwanza kazi yake, maana bila hiyo hataeleweka. Matrisi ni jedwali la namba zilizopangwa kwa mistari na safu. Watu wengi hutazama namba. Profesa alitazama nafasi: vyumba vipi vina kitu ndani, na vyumba vipi haviwezi kamwe kuwa na kitu. Matrisi mbili zaweza kutofautiana kwa kila namba, na bado zikawa zimejaa katika vyumba vilevile na tupu katika vyumba vilevile. Hizo aliziita "matrisi za lupango moja," kwa neno letu la hapa la kiwanja pamoja na ua na nyumba zake. Wapangaji huhama, wengine huingia. Mlango na ukuta hubaki vilipo.

Hakulitoa wazo hilo vitabuni. Kabla ya kufundisha alikuwa karani wa hesabu kule Panda, katika ofisi iliyofuatilia umeme unaotoka kwenye bwawa la Mwadingusha na kugawanywa kwenye karakana. Kila kituo kilikuwa na mstari wake na safu yake. Palipokuwa na waya kati ya vituo viwili, palitiwa msalaba. Mzigo wa umeme ulibadilika saa hadi saa, na kwa hiyo namba zilibadilika. Misalaba haikubadilika mpaka mafundi waende kusimika nguzo mpya. Ofisi ile ilipofungwa alihamia shuleni na kurasa zake, akaendelea kutazama misalaba ya waya ambazo nyingine zilikuwa zimekwisha kukatwa na kuuzwa.

Kuna siku alinieleza furaha yake kwa uwazi kuliko siku nyingine zote. Tulikuwa kwenye kibaraza cha walimu, mwezi wa Juni, baridi ya asubuhi ikitulazimisha kuficha mikono. "Latini," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoniita, "mbili za lupango moja, ukizijumlisha, zinabakia mu lupango. Hakuna shida. Lakini ukizizidisha, zinaruka ukuta! Zinaingia ku jirani wa jirani." Alicheka mpaka miwani ikateremka. Nikamwuliza kwa nini jambo hilo linachekesha. "Juu ni kama bantu," alijibu. "Ukibaweka pamoja tu, banatulia. Ukibachanganya, haujue tena nani ataonekana ku nyumba ya nani."

Alichostaajabia zaidi ni kiasi cha mambo yanayoweza kujulikana bila kujua namba yoyote. Mstari mmoja ukiwa hauna msalaba hata mmoja, alisema, usihangaike: weka namba utakazo, hesabu hiyo haitatatulika. Lakini ikiwezekana kuupa kila mstari safu yake, isiwepo miwili katika safu moja, basi namba karibu zote zitakubali. Somo hilo alilifundisha kwa madawati. Aliwasimamisha wanafunzi wanane, kila mmoja akawa mstari, akawaambia wachague dawati kati ya yale waliyoruhusiwa na misalaba ya ubaoni. Palitokea vurugu, vicheko, kusukumana. Msichana mmoja alibaki amesimama.

"Prof, minye nimekosa safu!"

"Haujakosa. Rudisheni. Mwenye kukaa kule asogee, na yule asogee, utaona."

Wakasogea mmoja baada ya mwingine, na kweli msichana akapata kuketi. Darasa likashangilia. Ndipo kijana mmoja mchokozi akasema kwa sauti ya upole wa uongo: "Na weye, Prof? Safu yako iko wapi?"

Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuomba chaki. Profesa alimtazama yule kijana, si kwa hasira, bali kwa makini, kana kwamba swali lilikuwa la mtihani.

"Iko," alisema. "Haiko hapa."

Jibu hilo linahitaji maelezo, na hapa natumia ujuzi wangu badala ya wake. Katika usemi wa watu wetu "haiko" na "hakuna" huingiliana. Mtu atasema lolote kati ya hayo mawili, akaeleweka. Vitabu vya sarufi hutenganisha: "hayupo," yaani "haiko" yetu ya hapa, ni la yule ambaye mahali pake pako lakini yeye mwenyewe haonekani, "hakuna" hukanusha kuwapo kwenyewe. Profesa, ambaye hakupata kufungua kitabu cha sarufi ya Kiswahili, aliutenga upande mmoja na mwingine kwa sababu za hesabu. Chumba ambamo hamwezi kuwa na namba, kwa kuwa hakuna waya, alikiita "hakuna," na alikiacha kitupu. Chumba chenye waya ambao leo haupitishi umeme alikiita "haiko," na humo aliandika sifuri ya duara kamili. Mwanafunzi aliyechanganya hizo mbili alipoteza alama zote za swali.

Mimi pia niliwahi kuzichanganya. Macho yake yalipoanza kudhoofika aliniomba nimnakilie jedwali moja kubwa kwa hati safi. Nikafanya kazi hiyo kwa wiki nzima. Mimi ni mtu wa maandishi. Nachukia takataka ukurasani. Niliona sifuri zimetapakaa, nikaamua kwamba sifuri si kitu, nikaziondoa zote. Ukurasa ulipendeza. Nilimpelekea kwa fahari.

Aliushika karibu na pua, akaupitisha kutoka mstari hadi mstari. Hakupandisha sauti.

"Umebomoa nyumba," alisema, "juu mwenyewe iko mu safari."

Kisha akaniambia kwa subira kwamba laini mojawapo ilikuwa imezimwa kwa matengenezo siku ile namba zilipochukuliwa. Ilipowashwa tena namba yake ilihitaji mahali pa kuingia, na katika nakala yangu mahali hapakuwapo. Nilinakili upya. Tangu siku ile sijaweza kuiona sifuri kuwa ni kitu chepesi.

Ilikuwa rahisi, kwa mtu aliyemtazama kwa mbali, kuona katika hayo yote uaminifu mkubwa, nami kwa miaka mingi nilimwona hivyo. Alipofundisha darasa ambalo nusu yake iliondoka kwenda kuchimba madini kwa mikono, hakufuta viti vyao. Alipoita orodha aliwaita wote, akasubiri kidogo baada ya kila jina lisilojibiwa, akatia sifuri. Mkuu wa shule alimkataza. Akaendelea. Watatu kati yao walirudi mwaka uliofuata, mmoja akiwa na kovu refu mkononi, wakakuta nafasi zao ziko na hakuna aliyewauliza swali. Nimewaona watu wazima wakitokwa machozi wakisimulia jambo hilo.

Lakini hakuna aliyewauliza swali. Nilichelewa kupima upande wa pili wa jambo hilo. Siku moja mwanafunzi alianguka kwa malaria katikati ya somo. Profesa alikuja mbio kwangu: "Latini, saidia, mustari wa tatu, safu ya pili!" Alikuwa amemfundisha mtoto yule miaka miwili. Alijua nyumbani kwao ni wapi, kiti chake darasani kiko wapi, kaburi la babu yake liko wapi. Kwamba alikuwa akitetemeka tangu asubuhi hakuwa ameona. Hakujua bei ya unga. Hakujua kama bukari, yaani ugali, aliyoletewa na jirani ilikuwa imeiva au la. Alijua kwamba sahani ya jirani ni ile yenye ufa, na kwamba hurudishwa Jumamosi.

Namba ya simu ya mke wake alikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa kwa wino ndani ya jalada la kitabu chake cha sala, kwa hati yake ya wima. Nilimwuliza siku moja kama huipiga. Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama huilamba.

"Iko pale," alisema. "Haipotee."

Watu walimwonea huruma na kumchokoza kwa kiasi kilekile. Kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya parokia, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya reli, alipita siku moja nyumba kwa nyumba na karatasi za hesabu ya waumini. Alinikuta kwa Profesa.

"Prof, mu hii nyumba muko bantu ngapi?"

"Babili."

"Babili! Minye naona moja, na Bwana Latini ni mugeni."

"Andika mbili, mama."

"Lakini bibi yako hakuna humu, Prof. Tunajua bote."

"Haiko. Sikusema hakuna."

"Eh! Sasa ile inatofautiana nini?"

"Moja inaandikwa. Ingine haiandikwe."

Mama aligeukia kwangu. "Bwana Latini, umusikie! Anataka nimuandike muntu wa hewa. Na Padiri akiniuliza?"

"Padiri aje aulize kwangu," alisema Profesa.

"Padiri hana shida na weye. Shida ni yule mama. Prof, uende umukamate bibi yako, umurudishe! Uvae viatu, upande gari, uende. Hapana kuandika ku karatasi."

Aliandika mbili hata hivyo, kwa penseli. Profesa alimsindikiza mpaka langoni kwa heshima zote, akarudi, akaketi.

Mara moja tu nilimwona akiogopa hesabu zake mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu mchana, nasi tulikuwa kibarazani tukitazama vumbi jekundu likitulia. Alisema kwamba matrisi za umeme huwa na vyumba vitupu vingi sana, kwa kuwa kila kituo kina majirani wachache tu. Ukiitazama utasema: huyu na yule hawana lolote kati yao. Lakini ukitafuta kinyume chake, ile matrisi inayoijibu, hukuti chumba kitupu hata kimoja. Taa ikizimwa Panda, kituo cha mwisho kabisa kinasikia.

"Kidogo sana," nilisema, ili kumtuliza.

"Kidogo, ndiyo. Lakini haiko bure." Akavua miwani. "Mu lupango unaona nafasi. Mu jibu yake, kila moja anaumizwa na kila moja. Ile minye sikuipendaka kuitazama. Nilibakia ku misalaba."

Nilikuwa bado kijana kiasi cha kudhani kwamba anazungumza juu ya umeme.

Sasa amestaafu, nami pia. Mwaka huu, msimu wa kiangazi, nilikwenda Mwadingusha. Sikutumwa naye. Ninakusanya maneno ya wavuvi wa ziwa lile lililo nyuma ya bwawa, kwa ajili ya kamusi ndogo ambayo pengine haitachapwa. Nilipanda gari linalorudi tupu baada ya kuleta samaki sokoni Likasi. Nilikaa huko siku mbili, na siku ya pili niliulizia nyumba, nikaelekezwa.

Yule mama alikuwa ameketi mlangoni. Alinitambua kabla sijajitaja, akaniletea kiti, akaniuliza habari za walimu wa zamani mmoja mmoja, wengi wao marehemu. Juu ya Profesa hakuuliza. Mwishowe mimi ndiye niliyesema kwamba Profesa bado anamhesabu nyumbani. Kwamba mahali pake pako.

"Najua," alisema. "Anajua kwenye niko, na minye najua kwenye iko. Namna niko, hajue. Hajaulizaka."

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuna mtu wa Likasi aliyelijua. Wakati wa msiba wa mama yake, siku ya tatu, alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Mabegi mawili, nyuma ya mlango. Alimtazama mumewe akiaga wanaume, mmoja baada ya mwingine, akimpa kila mtu mkono kwa utaratibu wa kuketi kwao, na kuondoka. Profesa, kwa upande wake, alipata kuniambia zamani kwamba haikuwa adabu kumwambia mtu aliyefiwa ajiandae na safari.

Gari lilipiga honi. Nikaaga.

Nilirudi Likasi jioni, na kesho yake nikaenda kwa Profesa. Alikuwa uani, ameketi kwenye kivuli cha ukuta, mikono juu ya magoti, miguu mitupu. Amekuwa mwembamba. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: ziwa, nyumba, mlango, kiti, maneno yake neno kwa neno, mabegi mawili. Nilipofika kwenye mabegi alifumba macho, nikafikiri nimefanya ukatili.

Kisha akauliza: "Na iko namna gani?"

"Iko ku nyumba ya mama yake, ile ya—"

"Hapana kwenye iko, Latini. Namna iko."

Profesa aliinama kunielekea.

"Amekonda?"

Nilijaribu kumwona. Niliona mlango, na yeye mbele ya mlango. "Sijue," nilisema.

"Anatembea muzuri? Balisema miguu inamuuma."

"Alikuwa ameketi."

"Lakini alikuletea kiti."

Kweli aliniletea kiti. Alikwenda ndani na kurudi nacho, na sikuangalia jinsi alivyotembea.

"Anachekaka?"

Sikujua. Katika mfuko wangu palikuwa na daftari lenye majina kumi na tisa ya samaki, kila jina na wingi wake.

"Ulikaa naye muda gani?"

"Kama saa moja."

"Saa moja," alirudia. Alinitazama, na hapakuwa na lawama usoni pake. Palikuwa na ile hali ya mtu anayesahihisha karatasi ya mwingine na kukuta humo kosa ambalo yeye mwenyewe amelifanya maisha yake yote. "Weye pia, kumbe."

Jirani alikuwa akitwanga. Kishindo kilikuja na kukoma. Profesa aliinua mguu mmoja, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akaushusha.

"Ile gari ya samaki inatokaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili ya asubui. Pale ku soko."

"Bataniuliza juu ya nini nilichelewa."

"Batakuuliza, ndiyo."

"Na minye nitajibu nini?"

Alitikisa kichwa taratibu, akashika ukuta, akasimama. Aliingia ndani. Nilisikia masanduku yakivutwa sakafuni, mlango wa kabati uliokwama, kikohozi, kisha masanduku tena. Nilibaki uani kwa sababu hakuwa ameniaga.

"Latini!" aliita kutoka ndani. "Minye niko na mashati mbili tu ya muzuri. Ya bulu na nyeupe. Yeye anapendaka gani?"

Nilimwambia ayafunge yote mawili, akamwulize mwenyewe.